Je, ni kweli klabu ya wanachama haihitaji leseni ya pombe wala ya muziki?

#1 Kamati_Midlands
Habari za jioni, wakuu. Jumuiya yetu ya Watanzania na Wakenya katika mji mmoja wa Midlands, Uingereza, imepata jengo la kukodi kwa mkataba wa miaka mingi, na tunataka pawe mahali petu pa kukutania mwisho wa wiki: kutazama mpira, kucheza bao na karata, kufanyia harusi, na kukaa pamoja pale msiba unapotokea nyumbani. Katika kikao kilichopita katibu alisema kwamba tukijiandikisha kuwa klabu ya wanachama hatutahitaji leseni yoyote ya pombe, kwa sababu mtu hawezi kujiuzia kinywaji ambacho tayari ni chake. Mweka hazina alipinga vikali, akisema kwamba halmashauri haitazami jina la chama bali inatazama kinachofanyika ndani ya mlango. Kikao kilivunjika bila uamuzi. Naomba wenye ujuzi watueleze ni nani kati yao anayesema kweli, na kama bendi na diski joka navyo vinahesabiwa katika jambo hilo hilo.

#2 Wakili_wa_Mtaani
Karibu, Mkuu. Katibu wenu ameshika nusu ya jambo, na nusu hiyo ni ya zamani sana. Mwaka 1882, katika kesi ya Graff dhidi ya Evans, mahakama iliamua kwamba msimamizi wa klabu aliyempa mwanachama kinywaji na kupokea fedha hakuwa ameuza, kwa kuwa kinywaji kilikuwa mali ya wanachama wote kwa pamoja na huyo aliyekichukua alikuwa mmoja wa wenye mali.

Nusu aliyoiacha ni kwamba Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika Novemba 2005, inahesabu hata huko kumpatia mwanachama kinywaji kuwa ni shughuli inayohitaji idhini. Kinachobadilika ni aina ya idhini. Baa huomba leseni ya majengo, na lazima iwe na msimamizi aliyeteuliwa ambaye ana leseni binafsi ya pombe. Klabu yenye sifa huomba cheti cha majengo ya klabu, nayo haihitaji msimamizi wa namna hiyo, kwa sababu kamati yenyewe ndiyo inayobeba dhamana.

Sifa zenyewe ndizo zinazowashinda wengi. Klabu iwe na wanachama wasiopungua 25. Iendeshwe kwa nia njema kama klabu, isiwe biashara ya mtu iliyovishwa jina la klabu. Zipite angalau siku 2 kati ya mtu kuomba uanachama na kuanza kufaidi haki za mwanachama. Pombe itolewe na klabu yenyewe au kwa niaba yake. Ununuzi wake usimamiwe na kamati iliyochaguliwa na wanachama, na wajumbe wote wa kamati hiyo wawe wametimiza miaka 18.

#3 Binti_Kisauni
Shukrani, Wakili. Kwa walio Kenya niongeze kwamba Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi wetu tunaiita sheria ya Mututho, nayo inatenganisha leseni ya klabu ya wanachama na leseni ya baa ya kawaida. Baa ya kawaida iliwekewa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na saa 8 mchana hadi saa 5 usiku mwisho wa wiki na sikukuu. Baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, utoaji wa leseni za vileo ulihamia kaunti, kwa hiyo masharti ya Mombasa usiyachukue ukayapeleka Nairobi ukidhani ni yale yale.

#4 Kamati_Midlands
Nashukuru. Swali langu la pili linahusu siku za bendi. Wanachama wetu waliolipa ada wanatosha na kuzidi hiyo 25, lakini siku ya bendi huja watu wengi wasio wanachama, wengine kutoka London na Birmingham. Katibu anapendekeza kila anayefika mlangoni ajaze fomu, alipe uanachama wa siku, kisha aingie. Je, hapo hatujatimiza sheria?

#5 Mpishi_wa_Pilau
Ndugu yangu wa kamati, nakusihi usiruhusu jambo hilo. Mimi hupika kwenye shughuli za jumuiya mbalimbali, na chama kimoja ninachokifahamu vizuri kilifanya hivyo hivyo kwa muda mrefu. Jioni moja afisa wa leseni alikuja kwa upole, akaomba daftari la wanachama, akakaa nalo kwenye meza ya jikoni kwangu huku nikichambua mchele. Hakuuliza habari ya pombe hata kidogo. Aliweka kidole kwenye safu ya tarehe ya kujiunga akaishusha taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, na kila lilipoanza kundi kubwa la majina yenye tarehe moja, aliiandika tarehe hiyo pembeni kwenye karatasi yake. Kisha akaomba mabango ya matangazo ya mwaka ule. Tarehe zililingana zote. Ukumbi ulikuwa na wanachama wengi sana kwa hesabu ya daftari, lakini waliohudhuria mkutano mkuu walikuwa ni wale wale wachache wa kila mwaka. Chama kile kiliandikiwa barua ya kutaka kunyang'anywa cheti, na wazee waliokitumikia kwa moyo safi walihuzunika sana.

#6 Wakili_wa_Mtaani
Alichokieleza Mpishi ndicho kiini cha sharti la siku 2. Anayejaza fomu mlangoni na kuagiza bia baada ya dakika 5 hajawa na haki ya mwanachama, hata kama ana kadi mkononi. Cheti kinaruhusu klabu kuwapatia vinywaji wanachama, na kuwauzia wageni wa wanachama kwa ajili ya kunywa hapo hapo, na kuweka burudani kwa ajili ya watu hao. Mgeni maana yake ni mtu aliyeletwa na mwanachama anayejulikana, na ndiyo maana vilabu makini huwa na kitabu cha wageni mlangoni, jina la mgeni upande mmoja na la mwenyeji wake upande wa pili. Umma ulionunua tiketi mtandaoni haumo humo.

Kwa siku ya bendi iliyo wazi kwa watu wote ipo njia halali na ya bei nafuu, nayo ni taarifa ya tukio la muda. Ada yake ni pauni 21. Ipelekwe halmashauri siku 10 za kazi kabla ya tukio, na nakala ziende polisi na idara ya afya ya mazingira, ambao ndio pekee wanaoweza kuipinga. Watu wote walio ndani, pamoja na wafanyakazi, wasizidi 499. Asiye na leseni binafsi anaweza kutoa taarifa 5 kwa mwaka, na jengo moja lina kikomo cha 15.

#7 Mzee_wa_Clyde
Nasoma kwa makini, lakini nataka tusiwapotoshe wasomaji. Yote aliyosema Wakili ni ya Uingereza na Wales. Sisi wa Uskoti tuna Sheria ya Leseni ya Uskoti ya mwaka 2005, iliyoanza kufanya kazi kikamilifu Septemba 2009, na huku hakuna cheti cha klabu. Klabu huomba leseni ya majengo kama wengine, ila klabu ya kweli ya wanachama husamehewa baadhi ya masharti, mojawapo likiwa ni hilo la kuwa na meneja mwenye leseni binafsi. Tena sheria yetu ina malengo 5 badala ya 4, kwa kuwa iliongezwa afya ya umma. Ireland ya Kaskazini nao wana utaratibu wao wa kuandikisha vilabu, chini ya agizo la mwaka 1996. Mwenye jumuiya Belfast asije akachapisha maelezo ya post #2 akayapeleka kwenye kikao.

#8 Binti_Kisauni
Mzee wa Clyde, shikamoo. Tulidhani baridi ya huko imekunyamazisha, kumbe ulikuwa unasubiri mtu ateleze!

#9 Mzee_wa_Clyde
Marahaba, binti yangu. Nimenyamaza kwa sababu mlikuwa mnasema vizuri.

#10 Fundi_wa_Sauti
Naomba nizungumzie muziki, kwa sababu mwanzisha uzi aliuliza na bado hajajibiwa. Tangu Sheria ya Muziki wa Moja kwa Moja ya mwaka 2012, bendi inayopiga mahali palipoidhinishwa pombe ya kunywewa hapo hapo haihitaji idhini ya ziada kati ya saa 2 asubuhi na saa 5 usiku, mradi hadhira haizidi watu 500. Mwanzoni kikomo kilikuwa 200. Kiliongezwa mwaka 2015, na muziki wa kurekodiwa ukaingizwa humo pia. Kwa hiyo klabu yenye cheti cha pombe inaweza kuwa na bendi ya taarabu au diski joka hadi saa 5 usiku bila sharti la muziki kuandikwa kwenye cheti, na hata masharti ya muziki yaliyokuwa yameandikwa zamani hayana nguvu katika saa hizo.

Watu wengi hukosea wakidhani kwamba msamaha huo ni ruhusa ya kelele. Sheria ya Kulinda Mazingira ya mwaka 1990 iko pale pale, na jirani akilalamika, halmashauri inaweza kuipitia upya idhini yenu na kuyarudisha masharti yote. Mimi nimefunga vidhibiti sauti katika kumbi kadhaa. Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo ukutani chenye taa za kijani, njano na nyekundu, na kikifika nyekundu kwa sekunde chache hukata umeme wa jukwaa lote, mwimbaji akabaki anafungua mdomo bila sauti mbele ya bibi harusi. Ni afadhali kamati ijadiliane na majirani mapema kuliko kuwekewa kisanduku hicho kwa amri. Besi ndiyo adui, maana sauti za juu huzuiwa na ukuta lakini besi hupita sakafuni.

Leseni ya hakimiliki ya muziki ni jambo jingine kabisa. Inalipwa hata pale ambapo halmashauri haihitaji kitu.

#11 Mwalimu_wa_Historia
Ningependa kuuliza lililo nyuma ya masharti haya: kwa nini klabu ipewe unafuu? Jibu la Wakili kuhusu mali ya pamoja ni jibu la mahakama, lakini mimi siamini kwamba ndiyo sababu halisi. Hadi sheria ya mwaka 1902 ilipolazimisha vilabu viandikishwe, klabu ya Mwingereza tajiri ilikuwa huru karibu kabisa, huku baa ya mfanyakazi ikihesabiwa saa na dakika. Waliotunga sheria walikuwa wenyewe ni wanachama wa vilabu vya London, na hawakutaka askari aingie kwenye chumba chao cha kulia. Unafuu huo ulisafiri na meli hadi kwetu. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 1913 kwa ajili ya walowezi, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki mzungu alikunywa klabuni kwa heshima wakati Mwafrika akiwekewa sheria za aina ya pombe anayoruhusiwa na mahali pa kuinywea. Kwa hiyo naona chanzo ni tabaka, na hoja ya mali ya pamoja ilikuja kulivalisha tabaka nguo.

#12 Kibarua_wa_Leeds
Mwalimu, nakuheshimu, ila umeviruka vilabu vya wafanyakazi. Umoja wa vilabu hivyo ulianzishwa mwaka 1862 na mchungaji Henry Solly, ambaye alitaka wafanyakazi wapate mahali pa kusoma na kupumzika pasipo pombe kabisa. Bia iliingia baadaye kwa sababu wanachama wenyewe waliitaka na mapato yake yalilipa kodi ya jengo. Huku kaskazini nimefanya kazi miaka mingi na wenyeji ambao baba zao walijenga vilabu hivyo kwa michango ya wiki, na hawakuwa matajiri hata kidogo. Maelezo yangu ni kwamba sheria inaiamini klabu kwa sababu klabu ina fimbo ambayo baa haina. Mlevi wa baa akifukuzwa leo atakwenda baa ya pili. Mwanachama akisimamishwa na kamati anakosa darts, anakosa safari ya pwani ya watoto, na mkewe anaulizwa kanisani kuna nini. Nidhamu ya wenzake inamshika kuliko polisi.

#13 Mwalimu_wa_Historia
Hoja yako ina uzito, na habari za Solly nazijua. Lakini kama nidhamu ya wenzake ingekuwa ndiyo sababu, basi vikundi vya wanawake waliopika pombe na kuinywa pamoja vijijini kwetu vingepewa unafuu huo huo enzi za ukoloni, kwa kuwa hakuna nidhamu kali kuliko ya jirani. Havikupewa.

#14 Mjumbe_wa_Kinondoni
Salaam kutoka Dar es Salaam. Huku kwetu mambo yanaongozwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na mwombaji huanzia kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kufika halmashauri, ambako afisa afya naye atakagua vyoo, maji na jiko. Burudani ina mlango wake: ukumbi wa burudani unahusiana na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na ngoma ya mtaani huombewa kibali. Kelele nazo ziko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamekuwa wakali kwa baa na kumbi zinazokesha na muziki.

Tofauti ninayoiona ni kwamba huku mjumbe wa mtaa anaijua klabu na wenye nayo kwa majina. Nimekaa kwenye vikao ambavyo mwombaji aliulizwa na bibi mmoja, mbele ya watu, kama ndiye aliyeshindwa kuwanyamazisha vijana wake siku ya Idi iliyopita. Hakuna fomu inayouliza swali zuri kama lile.

#15 Dada_wa_Ghorofa_ya_Pili
Naandika kama jirani wa klabu, kwa kuwa wote mnaozungumza mko upande wa ndani. Mwombaji wa cheti hutakiwa kubandika tangazo nje ya jengo kwa siku 28, kwenye karatasi ya rangi ya samawati mpauko isiyopungua ukubwa wa A4, na kutangaza pia kwenye gazeti la eneo. Karibu na kwangu lilibandikwa ndani ya kioo nyuma ya mti wa maua, mahali ambapo ungelazimika kuingia kwenye ua wa klabu ili kulisoma. Majirani wengi walijua habari hiyo baada ya muda wa maoni kupita, na asipojitokeza mtu wa kutoa maoni, halmashauri hulazimika kutoa cheti. Kamati, tafadhali bandikeni tangazo lenu mahali mama anayepita na kitoroli cha mtoto atalisoma bila kuinama. Mtu aliyeheshimiwa hivyo atawapigia simu ninyi kwanza.

#16 Kamati_Midlands
Dada, nimelichukua neno lako, na nitalipeleka kikaoni kama lilivyo. Wakili, wazee wetu wanauliza mambo mawili. Kwanza, je, polisi wanaweza kuingia wakati wowote? Pili, wanachama wakipungua kwa sababu watu wanahama kufuata kazi, cheti kinakufa?

#17 Wakili_wa_Mtaani
Cheti hakina tarehe ya kuisha. Hudumu hadi kirudishwe au kiondolewe, na mnalipa ada ya kila mwaka inayofuata thamani ya jengo. Ya maombi huanzia pauni 100 na kupanda hadi 635. Mkipungua chini ya 25, na hilo likawa ndilo kosa pekee, halmashauri hutoa notisi ambayo haifanyi kazi mpaka ipite miezi 3, na mkishakuwa mmerudi 25 muda huo ukiisha, notisi inakufa yenyewe. Polisi wanaweza kuingia na kupekua wakiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba kuna uuzaji wa dawa za kulevya au amani inakaribia kuvunjika. Hapo Mwalimu atasema ni mabaki ya tabaka, na Kibarua atasema ni imani kwa kamati.

Kuhusu watoto nisisitize: kumpatia pombe aliye chini ya miaka 18 ndani ya klabu ni kosa sawa na kwenye baa, na kuwa faragha hakusaidii. Na kutoa pombe bila idhini yoyote kunaweza kuleta faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miezi 6.

#18 Kibarua_wa_Leeds
Mimi bado naona jumuiya changa ichukue leseni ya majengo ya kawaida, imweke kijana mmoja asomee leseni binafsi, na ifungue mlango kwa kila mtu. Cheti cha klabu kinafaa watu wanaofanana na wanaokaa mji mmoja miaka 30. Sisi tunahama, tunaleta binamu, tunaalika wachezaji wenzetu. Kila mgeni akihitaji mwenyeji wa kumsainia, kitabu kitajaa uongo mdogo mdogo.

#19 Mpishi_wa_Pilau
Mimi naona kinyume chake, kaka. Jumuiya ikiwa na leseni ya baa, baada ya miaka michache inakuwa baa. Nimeona ukumbi ambao kinamama waliacha kuja kwa sababu ya wageni wa usiku. Cheti kinawalazimisha wafanye mkutano mkuu, wachague kamati, wasome hesabu mbele ya watu.

#20 Fundi_wa_Sauti
Kabla hamjaamua, kuna jambo ambalo sijaona mtu akiligusa. Kumbi nyingi za jumuiya zetu humlipa DJ au kiongozi wa bendi kwa asilimia ya mauzo ya kaunta, kwa kuwa fedha taslimu hazipo. Kwenye klabu yenye cheti, hairuhusiwi mtu yeyote kupata kamisheni kwa ununuzi wa pombe wala kujinufaisha yeye binafsi kutokana na utoaji wake. Faida ni ya klabu nzima. DJ wa asilimia anaweza kuondoa sifa ya klabu yenu hata kama daftari la wanachama ni safi.

#21 Kamati_Midlands
Huo ndio utaratibu wetu wa sasa, na mkataba wa DJ umeandikwa hivyo hivyo, kwa asilimia. Kikao ni Jumapili. Je, tukimlipa kiasi maalumu kwa usiku mmoja, halafu tukamwongezea zawadi pale watu wanapokuwa wengi, tutakuwa salama?

#22 Wakili_wa_Mtaani
Kiasi maalumu hakina tatizo. Zawadi ikipimwa kwa idadi ya watu naona inaweza kuteteka. Ikipimwa kwa kreti zilizotoka, haiteteki. Iandikeni kwenye mkataba kabla ya Jumapili, na muipitishe kikaoni ili iingie kwenye muhtasari.

#23 Mzee_wa_Clyde
Hata hiyo ya idadi ya watu mimi ningeiacha, maana watu wengi ndio wanywaji wengi, na afisa atakuuliza hivyo.